Tupeane uzoefu: mvua za Machi hadi Mei, mlimani Elgon (mashariki mwa Uganda) na mabondeni, mnajipangaje?

KahawaYaSipi
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Utabiri wa msimu ukitoka, kila mtu anauliza, "Kwetu itanyesha lini?" Karatasi ile haijibu hilo. Mamlaka ya hali ya hewa inatoa uwezekano wa aina tatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Ukiona asilimia 45 juu ya wastani, jua 55 iliyobaki inasema haitazidi wastani. Tena Mbale mjini iko mita 1,100 hivi, Kapchorwa iko juu zaidi kwa mita 700 na kitu, na mvua zao si ndugu. Anayejua kusoma mawingu, udongo na mito aseme. Mambo ya kushika kwa mkono tafadhali, maombi tumeshaomba.

Mama Mawele
Umenena. Naweka kiti hapa.

DerevaWaSuam
Barabarani kanuni ni saa. Jua likipasha mteremko, hewa ya bondeni inapanda, saa sita mawingu yameshasimama juu ya mlima, na kuanzia saa nane hadi jioni inamwagika. Kwa hiyo mzigo uondoke alfajiri, na vijito vinavyokatiza barabara za murramu uwe umevivuka kabla ya saa sita. Lami ya Kapchorwa–Suam haina shida kubwa. Shida ni matawi yake. Kuteremka ukiwa na mzigo, ingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, usisubiri breki zinuke. Maji yanayokimbia, sentimita 30 tu zinatosha kunyanyua gari dogo. Yakija na rangi ya chai na vijiti juu yake, zima injini, kaa upande wako. Nusu ya hayo maji bado iko njiani.

BodaKapchorwa
Na ukungu wa jioni je? Taa kubwa inakurudishia weupe machoni. Washa ndogo.

MpimaMvua
Mnaongelea wingu la leo tu. Mteremko unaanguka kwa jumla ya maji ya siku nyingi, ile mvua ya manyunyu ya kutwa isiyotisha mtu. Kijito cha bondeni ndicho kinachofurika kwa dhoruba ya saa moja. Hatari mbili, nyakati mbili tofauti.

Jumla utaijua ukipima. Tafuta mkebe wenye ukuta ulionyooka, mdomo na kitako upana mmoja. Uweke wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya urefu wake, na mdomo uwe kama sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yasidunde yakaingia. Soma kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, andika, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ukitumia chupa na faneli, chagua faneli yenye mdomo wa sentimita 11.3: eneo lake ni kama sentimita za mraba 100, basi mililita 10 ndani ya chupa ni milimita 1 ya mvua.

Sasa piga hesabu ya paa lako. Bati linalofunika mita 5 kwa 8, mvua ya milimita 30, ni lita 1,200. Kama huna gata, zote zinaangukia nyuma ya nyumba, palepale ulipochonga kilima upate kiwanja. Halafu watu wanashangaa ukuta wa udongo ukilala chumbani.

Mama Mawele
Lita 1,200! Na sisi tunateka maji bondeni.

BondeLaNyamwamba
Niwaletee ya Kasese, magharibi mwa Uganda chini ya milima ya Rwenzori, maana watu wa Elgon mnadhani mlima ni mmoja. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulitoka Rwenzori ukapita Kilembe na hospitali yake, ukabeba madaraja na nyumba. Watu wanasema "mafuriko," lakini yale hayakuwa maji matupu. Mwaka mmoja kabla, Februari 2012, moto ulikuwa umeunguza mimea ya juu mlimani. Pakabaki uchi. Mvua ilipokuja, kingo za juu ziliporomoka, udongo na miti vikaingia mtoni, na mto ukashuka na mawe makubwa ambayo maji peke yake yasingeyasukuma. Bonde la Kilembe ni jembamba, hakuna pa kutawanyikia. Na kandokando ya mto kuna mabaki ya machimbo ya shaba, nayo yanakatwa na maji na kushushwa hadi tambarare. Mei 2020 mto ukarudi, na hospitali ileile ikapigwa tena.

Kwa hiyo anayekaa chini asiangalie wingu la kwake. Kasese kunaweza kuwaka jua mto ukiwa unakuja. Ishara mbaya kuliko zote: mvua inanyesha juu na mto unapungua ghafla. Kuna kitu kimeuziba. Hapo hakuna kwenda kuchungulia, panda ukingo wa bonde, mbali na mto, usikimbie kufuata bonde kuteremka. Ngurumo iliyo kama treni ikisikika, umeshachelewa kubeba godoro.

BodaKapchorwa
Jameni. Moto wa mwaka jana unaleta mafuriko ya mwaka huu?

BondeLaNyamwamba
Ndiyo. Anayechoma majani huko juu anawachoma wa bondeni kwa maji.

DerevaWaSuam
Uzi umehamia Rwenzori. Rudini Elgon.

FundiMitaro
Turudi shambani basi. Dawa ni mitaro ya kontua, inayofuata usawa wa kilima, kwenye kahawa, futi 2 kina, futi 2 upana, udongo utupwe juu, yaani fanya juu. Ukingoni panda majani ya tembo. Maji yanakaa, yanazama, kahawa inakunywa hadi Julai.

BududaJuu
Ndugu yangu, huo ushauri upeleke tambarare. Huku kwetu Bududa udongo ni mfinyanzi mzito juu ya mwamba uliooza. Ukishika maji kwenye mteremko mkali, hasa pale kilima kilipobonyea kama bakuli, yanazama hadi kwenye mwamba na udongo wote wa juu unakosa mshiko. Nametsi hapa Bududa, tarehe 1 Machi 2010, kijiji kilifukiwa na maporomoko. Huko mtaro ni wa kutoa maji, si wa kuyafuga.

FundiMitaro
Bila mitaro rutuba yote inakwenda na mto Manafwa hadi ziwa Kyoga. Unataka tule mawe?

BududaJuu
Mawe utakula ukiwa hai.

MpimaMvua
Wazee, mnagombana mkiwa kwenye mashamba mawili tofauti. Mteremko wa taratibu, shika maji. Mteremko mkali, au penye kovu la maporomoko ya zamani, toa maji kwa mtaro wenye mwinamo mdogo, 1 kwa 100, uishie kwenye mkondo wa asili uliopandwa nyasi, si kwenye shamba la jirani.

Ukiona ufa wenye umbo la mwezi mchanga kwenye mteremko juu ya nyumba, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi uliotwangwa ili maji yasiingie. Kisha pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, pima kati yake kwa uzi kila asubuhi. Ukipanuka, au chemchemi ikitoka mahali pasipo kawaida, au mlango ukianza kukwama, mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mkalale kwa watu walio mgongoni mwa kilima. Kwa shemeji wa bondeni, hapana.

KahawaYaSipi
Na watu wasidhani Mei ikiisha tumepona. Maporomoko ya Bukalasi yalikuwa Oktoba 2018, mafuriko ya Mbale mwisho wa Julai 2022, maporomoko ya Bulambuli Novemba 2024.

Mama Mawele
Mimi nauliza maharage. Mvua ya kwanza nipande?

FundiMitaro
Panda mapema dada, magugu yasikutangulie.

DerevaWaSuam
Usipande! Ya kwanza ni ya kuwadanganya wenye haraka.

MpimaMvua
Chimba kwa panga. Udongo ukiwa na unyevu sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, panda. Ukiwa vumbi chini ya vidole viwili, mbegu itaota ife. Ila viazi mbatata ni kinyume, hivyo vinaogopa unyevu: dawa ya ukungu ipulizwe majani yakiwa makavu, asubuhi, ipate saa chache kabla ya mvua ya mchana, na irudiwe kila siku 7 kukiwa na mvua mfululizo.

FundiMitaro
Haya, nimekubali 1 kwa 100. Nitaipimaje bila injinia?

BududaJuu
Fremu ya A, yaani fito zilizofungwa kama herufi A na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni, miguu iachane mita 2. Ipime kwanza pasawa uweke alama ya katikati kwenye fito ya kukingama, pale uzi unapopita. Kisha pigilia kibao cha unene wa sentimita 2 chini ya mguu unaotangulia kuelekea mkondo. Uzi ukisimama kwenye alama, ardhi imeshuka sentimita 2 kwa mita 2. Weka kigingi, songa mbele.

FundiMitaro
Vifaa?

BududaJuu
Fito tatu, misumari, uzi na jiwe. Upepo ukivuma jiwe linacheza, kwa hiyo fanya asubuhi.