Ovaroli ya kuvulia samaki mtoni, nafuu na inayopitisha jasho
Wakuu, nataka ovaroli ya kuingilia mtoni huku Rungwe. Isiingize maji, ila jasho litoke. Bajeti ndogo. Niangalie nini?

— Achana na PVC, ile ya plastiki isiyopitisha hewa, mkuu. Ukipanda mlima nayo utaloa jasho tu. Tafuta kitambaa cha tabaka 3, magotini ziwe 4 au 5. Soksi zake ziwe za neoprini (mpira wa sponji unaotunza joto), milimita 4, maji ya huku ni baridi kweli. Soksi hizo ni nene, hivyo buti ongeza namba moja.

— Chuchumaa nayo kabla ya kulipa. Ikibana msambani, mshono utaachia hapo kwanza. Mkanda wa kiunoni ni lazima: ukianguka unapunguza maji kuingia.

— Ya mtumba? Washa tochi ndani gizani, tundu litaonyesha nukta ya mwanga. Futa hapo kwa spiriti, ziba kwa gundi ya poliurethani (ikikauka inanyumbulika kama mpira), iache usiku kucha. Usiikunje mbichi, itaota ukungu.