Caterpie wa mndimu hafiki hata leveli ya 7

Pikachu_wa_Shela
Salaam wanajukwaa. Mashabiki wa Pokémon (mchezo wa viumbe wa kubuni wanaogeuka kuwa wengine) hapa Malindi tunataka kuwaonyesha watoto "mageuzi" ya kweli mwezi ujao: viwavi wa mndimu, kila mmoja na jina na kadi yake, kama Caterpie, kiwavi wa kijani wa mchezo huo anayegeuka akifika leveli ya 7. Tumewaweka kwenye katoni iliyofunikwa chandarua. Majani ni mabichi, lakini siku ya pili wanalegea na kufa. Kosa liko wapi?

Bi_Viwavi (Gede)
Chandarua. Vingi vimetiwa dawa ya mbu, na dawa hiyo haimchagui mdudu. Kufua hakuiondoi yote. Nunueni neti ya pazia. Na watoto waliojipaka dawa ya mbu mikononi wasiwashike.

Muulizeni pia mwenye mti kama amenyunyiza maji ya mwarobaini. Kiwavi akila majani hayo hushindwa kujivua ngozi, akafia humo humo ndani ya ngozi kuukuu.

Tawi litieni kwenye chupa ya maji, mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba; mkiuacha wazi watashuka na kuzama. Chini tandikeni gazeti, libadilishwe kila asubuhi, maana kinyesi chenye unyevu huleta ukungu. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji. Sisimizi majimoto wakifika hapo, hamna maonyesho.

Kadi_ya_Lamu
Hizo kadi nazo zirekebisheni. Huyo mdudu ni Papilio demodocus, na akiwa mdogo si kijani: ana weusi na weupe, utadhani kinyesi cha ndege. Ukijani huja mwishoni, baada ya kujivua ngozi mara kadhaa. Hapo ndipo anapostahili kuitwa Caterpie. Mbonyezeni polepole nyuma ya kichwa, atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kama ile nyekundu ya Caterpie. Hazidhuru. Watoto watacheka mpaka basi.

Kofia za watoto zenye pembe kama hizo shoneni mtakavyo, ila vipepeo wenyewe msiwapake rangi wala pambo. Na neno "mageuzi" liacheni kwenye mchezo. Huku ni kubadilika umbo, yai mpaka kipepeo, mdudu yule yule mmoja. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alikuwa mkusanyaji wa wadudu utotoni, kwa hiyo mzaha huu una asili yake.

Pikachu_wa_Shela
Shukrani. Mmoja mkubwa ameharisha maji na anazunguka kizimba kama amepagawa. Tumtupe?

Bi_Viwavi (Gede)
Msimtupe! Anamwaga tumbo kabla ya kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Mpeni kijiti kilichosimama mshazari; atajifunga mkia, kisha atajizungushia uzi kiunoni. Akishatulia asisogezwe. Pupa huwa ya kijani au ya kahawia, zote nzima.

Mwezi mmoja ni mfupi. Yai huchukua siku chache, kiwavi wiki tatu hivi au zaidi, pupa wiki mbili na kuendelea. Kusanyeni sasa wa umri tofauti, ili siku hiyo kila hatua iwepo mezani. Mayai na viwavi wadogo ndio salama zaidi. Wakubwa waliokaa nje huenda wameshatagiwa na nyigu wadogo. Pupa ikiwa na kitundu cha duara, nyigu wameshatoka, hamna kipepeo humo. Wanaotaka kuona ufugaji mkubwa waje huku Gede: Mradi wa Kipepeo upo tangu 1993, na wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga pupa za kuuza nje.

Kadi_ya_Lamu
Chini ya kila pupa acheni nafasi ya sentimita 10 au zaidi. Kipepeo akitoka, mabawa yamekunjamana na lazima yaning'inie ili yajae. Akianguka sakafuni hukauka yamepinda, hatapaa tena. Tone jekundu au la kahawia analodondosha si damu. Mwachieni baada ya saa chache, jua likiwapo.

Ule ubishi wa mashabiki kwamba Butterfree (kipepeo anayetokana na Caterpie) na Venomoth (nondo wa mchezo huo huo) walibadilishiwa miili uwekeni mwisho kabisa, vipepeo wakishaondoka. Ukianza mapema hakuna atakayetazama mdudu.