MREJESHO: Mazoezi ya kikundi kwa dada yangu mwenye MS

Wakuu, habari za siku. Niliwauliza kama dada yangu mwenye MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo, ataweza mazoezi ya kikundi wakati akipata joto tu macho yanafifia na miguu inakuwa mizito.

Ameanza, na anaendelea. Wenye MS tunaowafahamu ni wachache mno, hivyo kama mlivyoshauri tukamuunganisha na wagonjwa wa kiharusi wanaofanya na mfiziotherapia hapa Dar. Aliyesema "saa kumi na mbili asubuhi, feni, na kitambaa cha maji baridi shingoni", Mungu akubariki. Macho bado hufifia akizidisha, ila akipoa yanarudi. Daktari alithibitisha kwamba joto haliongezi ugonjwa, linazubaisha tu neva kwa muda. Kuinuka kwenye kiti zamani lazima aniite. Sasa nikisogea ananifukuza!

Kilichogoma: mguu wa kulia bado unaburuza vidole, ndala zinamvuka. Kusimama kwa mguu mmoja bila kushika ukuta, bado kabisa. Bwawa la kuogelea, bei yake tuliikimbia. Na siku ya mazoezi hafui wala hapiki, la sivyo uchovu unamlaza mpaka kesho yake.

Mama uliyetwambia tuchague ukumbi wenye choo karibu, uliona mbali. Asante sana.