Fedha ni za kazi moja tu: tuanze na mteremko upi?

Mkaazi wa Mkoani
Assalamu alaikum. Masika yaliyopita udongo uliporomoka mahali pawili katika shehia yetu: kando ya barabara, ambako njia ilifungika siku mbili, na nyuma ya nyumba kumi na moja zilizojengwa kwenye mteremko uliochongwa, ambako tope lilifika hadi ukuta wa jiko la jirani yangu. Kipo na kilima cha tatu kilichokatwa mikarafuu, ambacho bado kimesimama. Wengi wanataka ukuta wa mawe barabarani, kwa kuwa kila mtu hupita pale. Naomba mnieleze tutumie kipimo gani, maana naogopa tusije tukaamua kwa wingi wa sauti.

Mwalimu wa jiografia, Chake Chake
Wa alaikumu salaam. Ulizeni kwanza nani analala chini ya mteremko. Barabara ikifungika watu huzunguka, lakini aliye kitandani hana pa kuzungukia. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, tarehe 14 Agosti 2017, mlima uliporomoka asubuhi mapema baada ya mvua ya siku kadhaa, na watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Kisha ulizeni kama fedha mliyonayo inaweza kuiondoa hatari yenyewe. Mahali kama Katesh, ambako Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, mtaro wa kijiji usingefua dafu; pale cha kufanya ni kuwahamisha watu kutoka njia ya tope. Vilima vyetu vya Pemba ni vifupi, na mteremko uliochongwa kwa ajili ya nyumba ni mdogo kiasi kwamba fedha kidogo huweza kuutengeneza.

Fundi mwashi, Wete
Namuunga mkono mwalimu, ila msikimbilie ukuta hata huko kwenye nyumba. Maji yakijaa ndani ya udongo, chembe zake huachana na nguvu ya kushikana hupungua. Ukuta usio na matundu ya kupitishia maji huyafungia nyuma yake, na siku ukianguka huanguka pamoja na kilima. Katika kisiwa cha Saint Lucia, huko Karibi, wakaazi na wahandisi walipita nyumba kwa nyumba wakitazama maji yanapopita, wakajenga mitaro ya zege na kufunga mifereji kwenye mapaa, na kimbunga Tomas kilipopiga mwaka 2010 miteremko ile ilistahamili. Maji ya paa, ya kuogea na ya shimo la choo yaliyo juu ya mchongo, hayo ndiyo ya kushughulikia mwanzo.

Mkulima, Mtambile
Kilima kilichokatwa mikarafuu hakihitaji kusubiri fungu hilo, kwani miche na majani ya vetiva, ambayo mizizi yake hushuka mita tatu na zaidi, vinaweza kupandwa kwa nguvu zetu mvua zikianza. Msipande migomba mitupu, mizizi yake ni ya juu juu. Jambo moja nawasihi: mtaro wenu utamwagia wapi? Kama ni bondeni kwenye mpunga, wenye makonde wakae kikaoni kabla jembe halijapigwa.

Mkaazi wa Mkoani
Ahsanteni sana. Hilo la bondeni hatukulifikiria kabisa, na makonde matatu yapo pale pale. Nitamwomba sheha tuupite mteremko mvua ikiwa inanyesha, tuone maji yanapita wapi, na wenye mpunga tutakwenda nao.