Naomba ushauri: nimfundishe mdogo wangu poka kabla ya foreksi?
Wandugu, jambo kutoka Katuba, Lubumbashi. Mdogo wangu ana dola 200, anataka kuanza foreksi, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni, kwenye simu. Nafikiria nimfundishe poka kwanza, ule mchezo wa karata wa kuweka dau, kwa vifuniko vya soda tu, bila pesa. Mwenye ree mbili mkononi, yaani karata za juu kabisa, akifika mwisho na mpinzani mmoja mwenye karata zozote, hushinda takriban mara 85 kwa 100. Hizo 15 anapigwa hata kama amecheza vizuri! Nataka alione hilo kwa macho yake, aelewe kwa nini mtaji wote hauwekwi kwenye dau moja. Tena ajifunze kutupa karata mbovu mapema. Ila naogopa asije akanogewa na kamari, na mama hataki kuona karata nyumbani. Mliopitia huko, akaunti ya majaribio ya foreksi, ile ya pesa za kuigiza, peke yake inatosha?