Steshenari Masasi: Mint, Lubuntu, ChromeOS Flex, au nibaki na Windows 10?

BintiMasasi
Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Nina steshenari ndogo hapa Masasi. Tunachapa barua na CV, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, na tunawajazia vijana maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo mtandaoni. Mashine ziko tatu, zote za mtumba.

Ya kwanza ni laptopu Core i5 ya kizazi cha nne, ramu 4GB, diski ya kuzunguka ya 500GB. Ya pili ni laptopu Core i3 ya kizazi cha sita, ramu 8GB, SSD (diski isiyozunguka) ya 240GB. Hiyo ndiyo ya picha, ina Photoshop, na ndiyo iliyounganishwa na printa ya wino. Ya tatu ni ya mezani, Core 2 Duo, ramu 2GB.

Zote zina Windows 10, ambayo matengenezo yake yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hazikubali hata moja, maana inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Lakini kinachoniumiza zaidi ni flashi za wateja. Mtu anakuja na kazi yake, akichomeka tu, mafaili yote yanageuka shotikati. Juzi mwanafunzi alilia mbele yangu akidhani ripoti yake imepotea. Mwaka huu nimemlipa fundi mara nne aje kupiga Windows upya.

Nataka mfumo mwingine. Bando langu ni la kuhesabu na umeme unakatika bila taarifa. Nipeni ulinganisho wa kweli, siyo ushabiki.

FundiChikongola
Dada, marahaba. Tuanze na hiyo i5, kwa sababu ndiyo yenye faida ya haraka. Kabla hujachagua mfumo wowote, toa diski ya kuzunguka na uweke SSD. Nafungua laptopu za aina hiyo karibu kila siku hapa Mtwara mjini. Watu wanaulaumu mfumo, kumbe ni sindano ya diski inayohangaika kutafuta mafaili huku na huku. Ukiweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, juu ya diski ile itavuta vilevile, halafu utasema tulikudanganya. Diski ya zamani ikiwa bado nzima itie kwenye kasha la USB, itunzie nakala za kazi za wateja.

Baada ya hapo weka Linux Mint, toleo jepesi la Xfce. Wenyewe wanataka ramu 2GB kwa uchache na wanapendekeza 4GB, na nafasi ya diski isipungue 20GB. Mint 22 imejengwa juu ya Linux nyingine, Ubuntu 24.04, na itapata matengenezo hadi 2029. Mwaka huo ndio ninaouangalia kuliko uzuri wa madirisha. Fedora hutoa toleo jipya karibu kila miezi sita. Arch haina toleo kabisa, inasasishwa mfululizo. Ni mifumo mizuri yote miwili, ila kwa mtu anayenunua bando la wiki ni mzigo.

Sasa suala la flashi. Virusi hivyo vya shotikati vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Mint haviwaki. Tena utaona jambo litakalokufurahisha: mafaili ya mteja unayakuta yapo palepale, maana kirusi huwa hakikuyafuta, kiliyaficha tu kwa alama ya Windows ambayo Linux haiijali. Unanakili kazi ya mteja, shotikati unaziacha. Huyo mwanafunzi wako angeondoka na ripoti yake ndani ya dakika mbili.

Lakini nisikilize hapa: kutowaka siyo kufa. Ukibeba kila kitu kilichomo kwenye flashi moja ukakipeleka kwenye nyingine, wewe ndiye msafirishaji. Nakili hati na picha tu, na chochote chenye mwisho wa .exe, .vbs au .lnk usikiguse.

KaraniNewala
Mimi ni karani wa chama cha msingi huku juu Newala, na nitampinga fundi kidogo kwa heshima. Msimu wa korosho nashinda na majedwali ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), ya uzito wa magunia na malipo ya wakulima. Nilijaribu LibreOffice, mbadala wa bure wa Word na Excel, wiki mbili. Jedwali la kawaida lilifunguka safi. Yale yenye makro yalifunguka nusu, vitufe vingine vikawa havifanyi kitu. Mkulima amesimama dirishani anasubiri hesabu yake, huwezi kumwambia asubiri ujifunze.

Kwa hiyo dada, i3 yako iache na Windows. Una Photoshop humo, na Photoshop haina toleo la Linux. Pia Microsoft imeweka nyongeza ya matengenezo ya usalama kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watu binafsi. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2, kisha unajiandikisha kwenye ukurasa uleule wa kusasisha. Jambo la mwisho ni hiyo printa. Zile programu za kurisetia pedi za wino, yaani sifongo zinazofyonza wino wa ziada, nyingi zimeandikwa kwa Windows tu. Siku pedi ikijaa, printa inagoma hata kama wino upo.

FundiChikongola
Karani umesema kweli na sikupingi. Kwenye pedi nami nina laptopu moja ya Windows dukani kwa kazi hiyohiyo. Kuchapa kwenyewe hakuna shida: HP zina draiva yake ya Linux inaitwa HPLIP, na printa za tanki za Epson kama L3110 zina draiva ya ESC/P-R.

Nahodha_Kilwa
Nipo Kilwa Masoko, natumia ChromeOS Flex, mfumo wa Google wa kazi za kivinjari, tangu mwaka jana kwenye laptopu ya 4GB. Inawaka haraka na haina cha kutengeneza, inajisasisha yenyewe. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni barua pepe na hati za Google, sijaona nyepesi kuizidi.

Ila kwa steshenari nasita. Haikai pamoja na Windows kwenye diski moja, ukiiweka inafuta kila kitu. Programu za Play Store haikubali, tofauti na Chromebook za dukani. Inataka ramu 4GB na nafasi 16GB, kwa hiyo ile Core 2 Duo haiingii kabisa. Na mtandao ukikatika, usipokuwa umewasha mapema hali ya kutumia hati bila intaneti, unabaki unaitazama. Huku kwetu mtandao ukisumbua mchana mzima mimi naenda zangu baharini. Wewe una foleni ya wateja.

MwalimuNachingwea
Wanangu, niongezee kuhusu mashine za 2GB, maana chumba chetu cha kompyuta kimejaa hizo.

Tuliweka Lubuntu. Inatumia mazingira ya LXQt na ikitulia inakula ramu kidogo. Kuandika na kufanya hesabu kwenye jedwali inakwenda vizuri kabisa. Kinachoimaliza ni kivinjari. Kurasa mbili zinapita, ya tatu mashine inaganda, na hapo hakuna mfumo utakaokusaidia, kwa sababu tovuti zenyewe zimekuwa nzito. Dada yangu, hiyo Core 2 Duo ifanye ya kuchapa tu, maombi ya mtandaoni yabaki kwenye zile mbili. Ukipata ramu nyingine ya 2GB ya mtumba utaona tofauti kubwa kuliko kubadili mfumo mara kumi.

Kuhusu bando, sisi mashine moja hupakua masasisho na nyingine zinachukua kwake kupitia waya wa mtandao. Kwa mashine tatu si lazima, lakini ujue njia ipo.

Niseme na hili, maana wanafunzi wangu hulipenda. Ubuntu, mama wa Mint na Lubuntu, ilitoka Oktoba 2004, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa ambalo ni ndugu wa *utu* wetu. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice. LibreOffice tunayoisema hapa ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010. Watoto wakiona menyu ya Kiswahili wanakaa kwenye kiti kwa namna nyingine. Nimeona kwa macho yangu.

Mtanda_Lindi
Core 2 Duo yangu ina Debian 13, Linux nyingine, na Xfce, imetulia. Prosesa hiyo ni ya biti 64 kwa hiyo inaingia. Wenye mashine za biti 32 ndio wenye shida, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chao. Kwa mgeni hata hivyo naunga mkono Mint, mambo mengi unayakuta yamepangwa.

BintiMasasi
Asanteni sana, mwalimu shikamoo. Nina maswali mawili. CV za wateja zimeandikwa kwa Word, na wengi wanatumia Calibri. Je, zikifunguliwa kwenye LibreOffice mpangilio hauvurugiki? Mteja akiona CV ya ukurasa mmoja imekuwa miwili hatarudi. La pili, nikianza kuweka mfumo na umeme ukakatika katikati?

FundiChikongola
Swali la kwanza ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Calibri yenyewe haiji na Linux. Badala yake kuna Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na Caladea inashika nafasi ya Cambria. Liberation Serif na Liberation Sans zinashika Times New Roman na Arial. Hakikisha Carlito na Caladea zimo, kama hazimo zipakue, ni ndogo. Mistari inakatika palepale. Panapovurugika ni kwenye visanduku vya maandishi, picha zilizopachikwa pembeni na zile CV za mapambo. Hizo zifungulie kwenye i3 yenye Windows. Na kila kazi iliyokamilika mpe mteja kwa PDF pamoja na ile ya Word.

La umeme: laptopu chaji ijae kwanza, ukikatika betri itamaliza kazi. Ya mezani ndiyo yenye hatari. Kama huna UPS (betri ya akiba), na diski yake ni ile ndogo ya inchi 2.5 inayoingia kwenye laptopu, ichomoe, ipachike kwenye laptopu, wekea mfumo humo, kisha irudishe. Linux kwa kawaida haisumbui ukihamisha diski. Ila mashine za Core 2 Duo kwa kawaida hazijui UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, kwa hiyo flashi uiwashe kwenye laptopu kwa hali ya Legacy, yaani njia ya zamani, la sivyo diski ikirudi kwenye ya mezani haitabuti.

Kabla ya yote, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaa nayo siku nzima dukani. Jaribu Wi-Fi, printa, sauti, flashi ya mteja. Wi-Fi isipoonekana, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti, halafu pakua draiva yake. Kikigoma kitu cha maana, zima, Windows yako iko palepale. Ukiamua kuiweka pamoja na Windows, zima kwanza ule uwashaji wa haraka kwenye mipangilio ya umeme, kwa sababu ukiuacha Windows inakuwa haijazimika kweli, imelala tu. Na kama diski ina BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski nzima, nakili ufunguo wake kwenye daftari kabla ya hatua yoyote.

KaraniNewala
Hilo la daftari siyo utani. Ndugu yangu mmoja alipoteza picha zote za harusi yake.

BintiMasasi
Basi nimeamua hivi. i3 inabaki na Windows na hiyo nyongeza ya mwaka, na flashi ya mteja haitachomekwa humo tena. i5 nainunulia SSD na kuitia Mint Xfce, iwe mlango wa kwanza wa flashi zote. Ya mezani naitafutia ramu, kisha Lubuntu.

Fundi, faili la Mint lina karibu 3GB na bando langu limebaki 1GB. Je, unaweza kunitengenezea flashi ya 8GB ukaipa basi la asubuhi? Nitaipokea stendi, gharama zote juu yangu.

FundiChikongola
Naitengeneza usiku huu, na ya Lubuntu naitia kwenye flashi ya pili. Nimeshakutumia namba ya basi pembeni, mkumbushe kondakta zisikae karibu na injini.