Wakuu, hamasa ya kuanza upya kutoka sifuri mnaitoa wapi?

Karatasi Tupu (mleta mada):
Wakuu, habari za muda. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo yamenifika.

Nilikuwa naandika riwaya. Nimeiandika usiku, watu wakishalala, mpaka nikaikaribia sura ya mwisho. Kompyuta mpakato ikaanza kutoa mlio, tak tak tak, kesho yake haikuwaka tena. Kazi yote ikaenda nayo. Sasa nimeamua nianze kitabu kingine kabisa, hadithi nyingine, wahusika wengine. Tatizo ni kwamba kila nikikaa naandika "Sura ya Kwanza", nabadilisha aina ya herufi mara tatu, nafunga. Roho inadunda kama nimeiba. Mnaanzaje jambo upya wakati mwili hautaki? Ushauri tafadhali, na msinianzie habari za kuhifadhi nakala.

Fundi Waya:
Naanzia hapo hapo. Kanuni ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na unapoishi. Hii ingekuwa sheria humu tusingekuwa na uzi wa msiba kila wiki. Diski ilikuwa ya aina gani?

Mama Wawili:
Pole mdogo wangu. Lakini kizazi hiki mmeharibiwa na hili neno hamasa. Mtoto akilia saa nane za usiku, nani anakaa kitandani kusubiri hamasa? Unaamka huku unalaani, ukishamshika ndiyo usingizi unakutoka. Kaa andika.

Kalamu ya Risasi:
Mkuu, wewe si wa kwanza. Mwaka 1835 Thomas Carlyle alimwazima rafiki yake John Stuart Mill muswada wa juzuu ya kwanza ya historia ya Mapinduzi ya Ufaransa. Inasemekana mtumishi wa ndani alidhani ni makaratasi ya kuwashia moto. Nakala nyingine haikuwepo. Carlyle akaiandika upya kwa kichwa, na kazi nzima ikachapishwa mwaka 1837. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usianze hadithi nyingine, irudie hiyo hiyo wakati bado inakuwasha.

Polepole Tu:
Mimi nilijifunza kuogelea ukubwani. Darasa zima watoto wadogo, mimi peke yangu kitambi. Mwalimu akaniambia nitie uso majini nipulize mapovu, basi, niende nyumbani. Nikaona ananidharau. Baadaye nikaelewa kilichokuwa kinanitisha ni pua. Sasa hivi naogelea ila kupiga mgongo bado nazama upande mmoja, sijui kuna mtu anajua sababu? Nikitulia naelea vizuri, nikianza tu kurusha miguu kiuno kinakwenda chini.

Kalamu ya Risasi:
@Polepole Tu, kaka, fungua uzi wako.

Robo Saa:
Sayansi inasema siku 21 tu mazoea yanajijenga. Vumilia.

Msomaji Mkali:
@Robo Saa, hiyo 21 imesambaa bila kichwa wala miguu. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta mtu wa katikati alihitaji kama siku 66, na tofauti zilianzia 18 mpaka makadirio ya 254. Na hapo walikuwa wanapima vitu kama kunywa maji au kukimbia kidogo kabla ya mlo wa jioni. Riwaya si glasi ya maji.

Kinachosaidia kuanza ni kufunga jambo kwenye saa na mahali. Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu hili: badala ya "nitaandika zaidi", unajiambia "nikishaweka ufunguo mezani, nakaa kwenye kile kiti naandika sentensi moja". Uamuzi unaufanya mapema, kwa hiyo ukifika pale huna la kujadili.

Ila mleta mada, nina swali. Umefika karibu na mwisho wa kitabu, na hakuna binadamu hata mmoja uliyempa asome?

Karatasi Tupu:
Asanteni wote. Fundi, ilikuwa SSD, niliambiwa haiokoleki. Hilo la saa na mahali nitalijaribu. Kalamu, kurudia ile ile siwezi, hadithi ikishapoa imepoa. Nimeshawaambia na watu kwamba naandika kitu kipya, na kichwa cha kitabu ninacho tayari.

Msomaji Mkali:
Hujajibu.

Mama Wawili:
Hajajibu kweli. Mficha uchi hazai, mdogo wangu.

Karatasi Tupu:
Sioni uhusiano na swali langu, lakini sawa. Kuna mtu mmoja nilimtumia kwa barua pepe. Akasoma, akanirudishia na maoni pembeni.

Fundi Waya:
NGOJA. Faili lipo kwenye barua pepe yako muda wote huu?

Karatasi Tupu:
Lipo, lakini ni toleo la zamani kidogo, halina sura ya mwisho. Na sitaki kulifungua. Hemingway je, yule mwandishi maarufu wa Kimarekani? Mwaka 1922 mkewe Hadley aliibiwa mkoba kwenye stesheni ya Gare de Lyon, Paris, una hadithi zake karibu zote, hadi nakala za kaboni. Akaanza upya na akawa Hemingway.

Msomaji Mkali:
Mkoba wa Hemingway haukuonekana tena. Wako umeukalia. Nani huyo aliyesoma?

Karatasi Tupu:
Dada yangu.

Mama Wawili:
Akasema kibaya?

Karatasi Tupu:
Hakusema kibaya, ndiyo maana sipendi mnavyolikuza. Riwaya inahusu kaka na dada, mama yao anaugua muda mrefu. Dada anaondoka kwenda kutafuta maisha, kaka anabaki kumuuguza mama mpaka mwisho.

Mama Wawili:
Na kwenu alibaki nani?

Karatasi Tupu:
Ni riwaya jamani, si wasifu. Mwandishi ana haki ya kugeuza mambo, huo ndio ufundi wenyewe. Ningeacha yalivyokuwa kusingekuwa na kitabu, kungekuwa na mtu anayetuma hela na kupiga simu Jumapili.

Kalamu ya Risasi:
Aisee.

Polepole Tu:
Nimeacha kuuliza habari za kuogelea.

Fundi Waya:
Samahani kuwakatisha, lakini mimi hapa nanusa chai. Bandiko la kwanza kompyuta inalia tak tak tak. Baadaye anasema diski ni SSD. SSD haina sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea, inakufa kimya kama maiti. Mlio huo ni wa diski ya kizamani. Mleta mada hajapoteza kitu. Anaandika riwaya na sisi ndio sura ya mwisho.

Robo Saa:
Hahaha, kama ni hivyo mimi mnitoe, nimeingia na siku 21 zangu nikapigwa mbele za watu.

Kalamu ya Risasi:
Fundi kapiga kwenye mshono. Hata mimi naona hili la dada limekaa kitabuni mno. Limefika pale pale tulipoanza kuchoka.

Mama Wawili:
Hata kama ni kamba, mwenye kuifunga anajua kwa nini kachagua kamba hii.

Karatasi Tupu:
Mlio ulikuwa wa feni, au wa diski ya nje iliyokuwa imechomekwa, mimi si fundi. Mnataka ushahidi? Haya, haya ni maoni yake, nimeyanakili kama yalivyo:

"Ukurasa wa 9, weka koma."
"Ukurasa wa 40, hii nzuri, nimecheka."
"Ukurasa wa 112, mama hakuwa akilala upande huu. Kushoto kulikuwa kunamuuma, nilikuwa namgeuzia ukutani na kumwekea kanga iliyokunjwa chini ya goti. Rekebisha."

Mmeridhika? Sasa turudi kwenye swali langu. Hamasa.

Msomaji Mkali:
Kwa hiyo umelifungua.

Fundi Waya:
Mimi bado nadai picha ya hiyo diski.

Mama Wawili:
Fundi, hebu nyamaza kidogo. Mdogo wangu, dada kasema "rekebisha", hajasema "futa". Alikuwa anakupa vitu vya kutia kitabuni. Mpigie, na si lazima iwe Jumapili.

Polepole Tu:
Mleta mada yuko wapi? Naona jina lake lilikuwa mtandaoni muda si mrefu.

Jogoo wa Tatu:
Mada nzuri sana mkuu, sijasoma komenti zote. Umejaribu kuipeleka hiyo diski kwa fundi mwingine?